Samansi ya juri imefika: nani anastahili, na mtakaa wangapi kwenye kesi ya madai

Barua yenyewe haina vitisho. Ni bahasha ya kawaida, nembo ya mahakama iko pembeni, na jina lako lote limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Lakini neno samansi linatosha kumfanya mtu aliyekulia Tanga au Kisumu aache chai ipoe. Kwetu, mwenye samansi ana kesi. Ya kwanza kunifikia nilimpigia shemeji yangu simu kabla sijafika nusu ya ukurasa. Alicheka mpaka nikaona aibu. "Hujashtakiwa, shem. Umeitwa ukaamue."

Mwongozo huu ni wa wenzangu tunaoishi Marekani, waliokwisha kuapa uraia na walio njiani. Nitakaa zaidi kwenye kesi za madai, yaani za fidia, mikataba, ajali na kufukuzwa kazi. Hizo ndizo ambazo idadi ya watu kwenye juri hubadilika kutoka mahakama moja hadi nyingine, na wengi wetu tunaingia tukidhani lazima tutakuwa 12.

Jambo moja tuliweke sawa kabla ya hatua zenyewe. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, si wazee wa baraza tuliowazoea nyumbani. Wazee walimpa jaji wa Mahakama Kuu maoni, naye aliweza kuyapokea au kuyaweka kando. Kenya iliwaondoa kabisa kwenye mahakama zake za jinai mwaka 2007. Na juri yenyewe haikuwahi kuwa yetu: Kenya ya ukoloni iliwapa Wazungu peke yao haki ya kusikilizwa nayo, Mwafrika akapewa wazee. Hapa Marekani juri haitoi ushauri. Jaji anasimamia sheria, na nyinyi mnaamua nini kilitokea, nani ana kosa, na mara nyingi alipwe kiasi gani.

Hatua ya 1: Soma jina la mahakama kabla ya kitu kingine chochote

Juu ya karatasi pameandikwa nani anakuita. Ukiona United States District Court, hiyo ni mahakama ya shirikisho. Ukiona jina la kaunti, au Superior Court na mfano wake, hiyo ni mahakama ya jimbo. Sifa za kustahili, malipo, idadi ya wajumbe na kura zinazotakiwa, vyote vinategemea mstari huo mmoja. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa Houston unaweza kukupoteza wewe wa Minneapolis, ingawa ameongea kweli tupu.

Angalia pia kama umeitwa kwenye juri ya kawaida au ile juri kuu. Juri kuu ya shirikisho ina watu 16 hadi 23, inashughulikia mashtaka ya jinai tu, na huweza kukutana kwa miezi mingi. Haya ninayoandika hayaihusu.

Na tukiwa bado mlangoni: ukipigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa mahakama, akadai ulikosa juri na hati ya kukukamata imetoka, ila ukilipa sasa hivi kwa kadi za zawadi mambo yataisha, kata simu. Huo ni utapeli, na mahakama za shirikisho zimekuwa zikitoa onyo kuuhusu mara kwa mara. Mahakama haidai faini kwa simu. Ukiwa na wasiwasi tafuta namba ya karani mwenyewe, usitumie namba aliyokupa huyo.

Hatua ya 2: Jipime kama unastahili

Kwa mahakama za shirikisho, masharti yametokana na sheria ya mwaka 1968 inayohusu uteuzi wa juri. Uwe raia wa Marekani. Uwe umetimiza miaka 18. Uwe umeishi mwaka mzima ndani ya wilaya ya mahakama hiyo. Uweze kusoma, kuandika na kuelewa Kiingereza kiasi cha kuijaza fomu yao vizuri, na uweze kukizungumza. Usiwe na maradhi ya mwili au akili yatakayokuzuia kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Na usiwe na shtaka linalosubiri, wala hukumu, ya kosa linaloweza kumfunga mtu zaidi ya mwaka mmoja, isipokuwa kama haki zako za kiraia zimerudishwa.

Ukiyasoma hivyo yanaonekana mepesi. Tabu hutokea yanapokutana na maisha yetu, kwa hiyo nitayarudia moja moja.

Uraia. Hapa ndipo penye hatari, na naomba usome polepole. Majimbo mengi huchukua majina kwenye orodha za leseni za udereva, na leseni haiulizi kama wewe ni raia. Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya kijani, hata mwenye viza ya masomo, anaweza kupata samansi halali kabisa. Usiitupe. Usiende pia, kwa kudhani kwamba wakikuita ndio wamekukubali. Jaza fomu, weka alama kwamba wewe si raia, irudishe, na ubaki na nakala. Kudai uraia usio nao, hata kwa kisanduku kimoja ulichokiwekea alama kwa haraka, kunaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukuweka kwenye hatari ya kurudishwa. Kuna upande wa pili pia: baadhi ya majimbo hupeleka majina ya waliojibu "si raia" kwa wanaosimamia daftari la wapiga kura. Kama uliwahi kuandikishwa kupiga kura kwa makosa, labda pale ulipokuwa unachukua leseni, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kuirudisha fomu. Hapo usisikilize watu wa WhatsApp.

Aliyeapa jana ni raia kama aliyezaliwa hapa. Uraia pacha hauna madhara: Mkenya aliyebaki na uraia wake chini ya Katiba ya 2010 na Mtanzania ambaye sheria ya kwao ilimlazimu kuuacha wa Tanzania, wote wawili wanastahili sawasawa. Kumbuka lile swali la mtihani wa uraia wa mwaka 2008, kuhusu jukumu ambalo ni la raia peke yao. Mojawapo ya majibu mawili lilikuwa hilihili la juri, nasi tulilikariri bila kufikiri kwamba siku moja litakuja na stempu.

Makazi. Wilaya ya mahakama ya shirikisho si kaunti, wala si lazima iwe jimbo zima. Nchi imegawanywa wilaya 94. Minnesota yote ni wilaya moja, kwa hiyo aliyehama Rochester kwenda Minneapolis hajahama kitu machoni pa mahakama. Texas imekatwa vipande vinne: ukitoka Houston ukahamia Dallas umetoka wilaya ya Kusini umeingia ya Kaskazini, na hesabu ya mwaka inaanza upya.

Kiingereza. Lafudhi si kasoro. Sheria inauliza kama utaijaza fomu na kuelewana na wenzako, haiulizi kama unatamka kama mtangazaji. Wapo watu wazima wanaoandika "sijui Kiingereza" ilhali wanasimamia zamu nzima ya usiku hospitalini. Huko ni kutafuta matatizo, maana kusema uongo ili kukwepa juri kuna adhabu. Lakini wazee wetu wana hoja ya kweli. Sheria ya uraia inawasamehe mtihani wa Kiingereza walio na miaka 50 na zaidi wakiwa wamekaa na kadi ya kijani miaka 20, au walio na 55 na miaka 15 ya kadi. Mama kama huyo ni raia kamili, na bado hafikii sharti la lugha. Aandike hivyo, na kama kuna mtu amemsaidia kujaza, fomu ina mahali pa kueleza hilo.

New Mexico peke yake ina njia yake. Katiba ya jimbo hilo inakataza kumnyima raia nafasi kwenye juri kwa sababu hawezi Kiingereza au Kihispania, na mahakama za jimbo huwatafutia wajumbe mkalimani. Kwa hiyo kisheria bibi wa Kigoma anaweza kukaa kwenye juri huko Albuquerque akisikiliza kila kitu kwa Kiswahili. Ningelipa nauli nikaone.

Rekodi ya jinai. Watu hujiondoa bure hapa. Faini za barabarani hazikuzuii, na kwa mahakama ya shirikisho hata kosa dogo ambalo kifungo chake hakivuki mwaka mmoja halikuzuii. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa adhabu inayoweza kutolewa, hata kama wewe ulipewa siku mbili. Majimbo nayo yanatofautiana: California, tangu Januari 2020, imewarudisha kwenye juri watu wengi waliokwisha kumaliza adhabu za makosa makubwa. Soma kipengele cha jimbo lako, usikisie.

Hatua ya 3: Jaza, rudisha, omba unachohitaji

Fomu ya sifa ya mahakama ya shirikisho inatakiwa irudi ndani ya siku 10, kwa posta au mtandaoni. Hii si samansi bado. Ni ya kujua kama jina lako libaki kwenye chungu. Samansi yenyewe inaweza kufuata baada ya miezi, au isije kabisa. Kwenye mahakama nyingi za majimbo vitu hivi viwili huja pamoja.

Utakuta swali la rangi na asili yako. Linawakwaza wengi, na mimi liliniudhi. Lakini lipo kwa amri ya sheria ileile ya 1968, ili iweze kukaguliwa kama juri zinachaguliwa bila ubaguzi. Halitumiki kukupa au kukunyima sifa. Lijibu.

Kuna tofauti kati ya kuondolewa, kusamehewa na kuahirishiwa, na ukichanganya utaomba kitu kisichokuhusu. Wanaoondolewa moja kwa moja na sheria ya shirikisho ni wanajeshi walio kazini, polisi na zimamoto wa kitaaluma, na maafisa wa umma wanaotekeleza kazi zao. Wanaoweza kusamehewa wakiomba hutegemea wilaya, lakini mara nyingi ni waliovuka miaka 70, waliotumika kwenye juri ya shirikisho ndani ya miaka miwili iliyopita, na wanaojitolea kuzima moto au kuokoa watu. Sisi wengine tuna njia ya kuahirisha: mtihani wa uuguzi, tiketi ya kwenda nyumbani msibani, mtoto anayenyonya. Andika sababu, ambatisha ushahidi, taja tarehe unayoweza. Makarani ni watu, na aliyeandika mapema husikilizwa kuliko aliyepiga simu asubuhi ya siku yenyewe.

Kunyamaza ndiyo njia mbaya kuliko zote. Asiyefika mahakama ya shirikisho bila sababu anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000, kufungwa hadi siku 3, kupewa kazi za jamii, au mchanganyiko wa hayo.

Kuhusu kazi. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza, kukutishia wala kukubana kwa sababu ya juri ya shirikisho ikiwa wewe ni mwajiriwa wa kudumu, na akifanya hivyo anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kwa kila kosa. Ila sheria hiyo haimlazimishi akulipe mshahara wa siku ambazo hukufika. Mahakama ya shirikisho hulipa dola 50 kwa siku pamoja na nauli, na baada ya siku 10 za kesi jaji anaweza kupandisha hadi 60. Kwa anayelipwa kwa saa, hiyo ni hasara, tusidanganyane. Massachusetts imejitahidi: mwajiri huko analipa siku 3 za kwanza. Kama juri itakuangusha kabisa kifedha, iite kwa jina lake, ugumu wa kifedha, weka hesabu ya kodi ya nyumba na mshahara, na iambie mahakama. Mpe mwajiri nakala ya samansi siku hiyohiyo uliyoipata, na kama unafanya zamu za usiku uliza mapema, kwa maandishi, zamu ya kuamkia mahakamani itakuwaje.

Hatua ya 4: Fahamu ni kesi gani inayofika kwenye juri

Si kila kesi ya madai ina juri. Marekebisho ya Saba ya Katiba, yaliyopitishwa 1791, yanalinda haki ya juri kwenye madai ya kisheria yanayozidi dola 20. Kiasi hicho hakijawahi kupandishwa, ingawa leo hakitoshi chakula cha watu wawili. Lakini mwaka 1916 Mahakama ya Juu ilisema kifungu hicho kinazifunga mahakama za shirikisho, hakizifungi za majimbo. Kila jimbo likabaki na katiba yake na hesabu zake, na vurugu yote ya hatua inayofuata imetoka hapo.

Kwa jumla, anayedai pesa za fidia kwa ajali, mkataba uliovunjwa au ubaguzi kazini anaweza kupata juri. Anayeomba amri tu, kwamba fulani aache kufanya kitu fulani, husikilizwa na jaji peke yake. Ukiishtaki serikali ya shirikisho kwa uzembe, mfano umegongwa na gari la posta, hakuna juri. Mahakama ya uhamiaji haina juri kabisa.

Hapa niwageukie wale ambao wao ndio wenye kesi, maana mwongozo huu unaweza kumwangukia hata mdai. Juri haiji yenyewe. Kwenye mahakama ya shirikisho lazima upande mmoja uiombe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu hati ya mwisho ya madai au majibu inayohusu suala hilo kukabidhiwa. Siku zikipita, umeiacha. Majimbo yana tarehe zao na mengine hutaka malipo: California ni dola 150 ambazo hazirudi. Muulize wakili wako swali hilo siku ya kwanza mnapokutana, na uandike jibu lake.

Hatua ya 5: Hesabu viti

Kwa karne nyingi hesabu ilikuwa 12, kwa desturi ya Uingereza. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliamua, kwenye kesi ya jinai iliyotoka Florida, kwamba 12 ni ajali ya historia tu na watu 6 wanatosha. Mwaka 1973 ikaja kesi ya madai kutoka Montana, Colgrove dhidi ya Battin, na kwa kura 5 kwa 4 wakaruhusu juri ya watu 6 kwenye madai pia. Mmoja wa walioandika kupinga ni Thurgood Marshall, yuleyule aliyeketi na wajumbe wa Kenya Lancaster House mwaka 1960 akiwaandalia sura ya haki za binadamu. Yeye alishikilia kwamba juri iliyolindwa na Katiba ni ile ya watu 12. Miaka mitano baadaye, 1978, mahakama hiyohiyo ikaweka sakafu kwa kesi za jinai: watu 5 ni wachache mno.

Leo kanuni ya mahakama za shirikisho kwenye madai ni hii: juri ianze na watu wasiopungua 6 wala kuzidi 12. Uamuzi uwe wa wote kwa sauti moja, na wanaoamua wasipungue 6, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane vingine. Majaji wengi huanza na 7 au 8, kwa sababu tangu 1991 hakuna wajumbe wa akiba kwenye madai. Hili lina maana kubwa kwako. Kwenye kesi ya jinai unaweza kukaa wiki mbili kisha ukaambiwa ahsante, wewe ulikuwa wa akiba. Kwenye madai ya shirikisho kila aliyeapishwa anaamua, isipokuwa jaji amruhusu kuondoka kwa sababu nzuri kama ugonjwa. Wakianza 8 wakaugua wawili, kesi inaendelea. Wakibaki 5, na pande zote mbili hazikubaliani kuendelea, kazi yote imemwagika na inaanza upya.

Majimboni kila nyumba ina jiko lake. California ni 12, na kura 9 zinatosha. Mahakama za wilaya za Texas ni 12, wakikubaliana 10, na wawe 10 walewale kwenye kila jibu. Mahakama za kaunti za hukohuko ni 6, wakikubaliana 5. New York ni 6, kura 5. Florida ni 6, lakini wote. Ohio ni 8, na 6 wanatosha. Washington ni 6, au 12 upande mmoja ukitaka. Virginia wana 7, au 5 kwa madai madogo, na wote lazima wakubaliane. Minnesota nimeipenda kuliko zote: ni 6, na wanaanza kwa kutafuta kauli moja, ila wakishauriana kwa muda wa saa 6 bila kuelewana, kura 5 zinapokelewa. Saa 6. Aliyeandika hilo aliwahi kukaa kwenye kikao cha ukoo.

Je, tofauti ya 6 na 12 inatuhusu nini sisi? Fanya hesabu na mimi. Chukulia mahali ambapo mtu mmoja kati ya kila 10 ni wa jamii ya wachache, na majina yanachaguliwa kwa bahati tu. Uwezekano wa juri ya watu 12 kukosa hata mmoja wao ni kama asilimia 28. Ukipunguza wakawa 6, unapanda hadi asilimia 53. Yaani zaidi ya nusu ya juri hizo ndogo hazitakuwa na mtu hata mmoja wa kuwaambia wenzake kwamba kutomtazama bosi usoni, kwa tuliolelewa kwingine, ni adabu na si dalili ya uongo. Juri ndogo ni rahisi na inakwenda haraka, sikatai. Ila gharama yake haijagawanywa sawa, na mimi nikiwa na kesi jimbo la Washington nitaomba 12. Na nikiitwa kwenye ile ya 6, najua ni nani nitakayemkosesha nafasi nikibaki nyumbani.

Hatua ya 6: Siku ya kuchujwa

Fika mapema, ukaguzi wa mlangoni ni kama wa uwanja wa ndege. Beba kitabu, sweta na chakula. Mtakuwa wengi ukumbini na huenda usiitwe siku nzima. Kesi za madai hupenda kuisha kwa suluhu asubuhi ileile, mawakili wakishaiona juri imekaa.

Ukiitwa kwenye chumba cha kesi, utaapishwa kujibu kweli, kisha utaulizwa. Mahakama ya shirikisho mara nyingi jaji ndiye anayeuliza. Majimboni mawakili huongea zaidi. Umewahi kupata ajali? Umewahi kushtaki au kushtakiwa? Unamfahamu yeyote hapa? Unaonaje watu wanaodai fidia? Jibu lako fupi na la kweli ndilo linalotakiwa. Kama swali linagusa jambo zito, ulivyokimbia vita Bukavu au ugonjwa wa mwanao, sema kwa heshima kwamba ungependa kumjibu jaji faragha. Wanaruhusu. Na usipolisikia vizuri swali, omba lirudiwe. Kuitikia ndiyo kwa sababu ya haya ni kosa letu la kawaida.

Utaondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni pingamizi lenye sababu: jaji ameona huwezi kuwa wa haki, labda mdaiwa ni mwajiri wako. Hizi hazina kikomo. Ya pili ni pingamizi lisilotajwa sababu, na kwenye madai ya shirikisho kila upande una 3 tu. Ukiondolewa kwa hili usilichukulie moyoni. Lakini lina mpaka. Mwaka 1991, kwenye kesi ya Edmonson dhidi ya Leesville Concrete, mfanyakazi wa ujenzi mweusi aliyeumia kwenye kambi ya jeshi Louisiana aliona kampuni ikitumia mapingamizi mawili kati ya matatu kuondoa watu weusi. Juri iliyobaki, weupe 11 na mweusi 1, ilisema madhara yake yana thamani ya dola 90,000, kisha ikambebesha yeye asilimia 80 ya kosa, akabaki na 18,000. Mahakama ya Juu ilisema hata kwenye kesi ya madai kati ya watu binafsi, kumwondoa mtu kwa rangi yake hakuruhusiwi. Mwaka 1994 ikaongeza jinsia.

Hatua ya 7: Kuamua

Wakati wa kesi usitafute kitu mtandaoni, usipite eneo la ajali "kuangalia tu", usimsimulie mumeo wala kikundi cha kanisa. Juri imewahi kuvunjwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Swali lako lolote liandike umpe mhudumu wa mahakama ampelekee jaji.

Kipimo cha madai si kile cha jinai. Hutafuti uhakika usioacha shaka ya maana. Unatazama mizani: je, ina uwezekano zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa? Ikilemea upande wa mdai hata kwa unyoya, ameshinda hoja hiyo. Nimeona watu wazima wenye akili wakikwama hapa kwa sababu wanaleta kipimo cha sinema za mauaji kwenye kesi ya sakafu iliyolowa maji.

Mara nyingi mtapewa karatasi ya maswali: mdaiwa alikuwa mzembe, ndiyo au hapana; uzembe huo ulisababisha madhara, ndiyo au hapana; kiasi gani. Someni maswali yote kabla ya kupiga kura ya kwanza, na mkianza msimpe nafasi mwenye sauti kubwa. Zungukeni mezani mmoja mmoja. Ukiwa mmoja kati ya 6 kwenye mahakama inayotaka kauli moja, huwezi kujificha nyuma ya wengine kama ungekuwa mmoja kati ya 12 ambao 9 wanatosha. Wakikubana, waambie wakuoneshe ni ushahidi gani. Wakikuonesha, badilika bila kuona haya.

Mkimaliza, mawakili wanaweza kuulizwa kama wanataka kila mjumbe aulizwe kwa sauti: huu ndio uamuzi wako? Utajibu ndiyo mbele ya watu wote, pamoja na aliyeshindwa. Kisha jaji atawashukuru, na kwa kawaida atawaambia mko huru kuongea kuhusu kesi au kutoongea. Kabla hujatoka pitia kwa karani uchukue cheti cha mahudhurio cha kumpa mwajiri, hakikisha anwani waliyonayo ni sahihi, na uulize hundi yako itatumwa lini.